Pesa, Chakula, Turubai au Bati: Kipelekwe Nini Baada ya Kimbunga?

Kaya 100 za watu watano watano zikihitaji chakula cha mwezi mmoja, mzigo wake unazidi tani 7: unga au mchele kilo 60 kwa kila kaya, maharage kilo 9, mafuta karibu kilo 4. Kaya hizo hizo zikihitaji turubai mbili mbili, mzigo unashuka hadi tani moja kasoro kidogo. Zikihitaji vidonge vya kutibu maji ya kunywa na kupikia kwa mwezi mzima, mtu mmoja anabeba katoni begani. Zikitumiwa pesa kwa simu hakuna mzigo kabisa, lakini lazima pawe na duka lenye bidhaa ndani yake.

Hesabu hiyo ndiyo inayosahaulika kikundi cha msikiti, parokia, wana kijiji walioko mjini au Waswahili walioko ng'ambo kinapokaa kuamua kipeleke nini. Wengi huanza na kile walicho nacho. Kinachopaswa kuanza ni njia: nini kinaweza kufika, na kikifika kitakuta nini. Ulinganisho huu unafuata mpangilio huo. Mifano mingi ni ya Msumbiji, kwa kuwa mwaka 2019 nchi hiyo ilipigwa na vimbunga viwili vikali katika msimu mmoja, jambo ambalo halikuwahi kuandikwa kabla ya hapo, na vilipiga sehemu mbili zisizofanana hata kidogo.

Beira na Ibo

Kimbunga Idai kilitua karibu na Beira usiku wa kuamkia 15 Machi 2019. Mjini upepo uliezua mapaa. Bara, mito ya Buzi na Púnguè ilifurika ikafanya ziwa, na barabara ya N6, ambayo ndiyo koo la Beira kuelekea Zimbabwe, ikakatika sehemu kadhaa. Msumbiji peke yake ilipoteza watu zaidi ya 600. Wiki sita baadaye Kimbunga Kenneth kilipita juu ya kaskazini ya Ngazidja huko Komoro, na tarehe 25 Aprili kikaingia mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na upepo wa kama kilomita 220 kwa saa. Katika kisiwa cha Ibo, kwa Wamwani, ambao lugha yao Mswahili wa Mtwara huifuata kwa mbali, nyumba tisa kati ya kumi ziliharibika.

Beira ni mji wa bandari na uwanja wa ndege. Barabara ikizibwa viraka, malori yanarudi na soko linaamka. Ibo ni kisiwa. Vyombo hutoka Tandanhangue, upande wa bara, na kupita kwenye mkondo wa mikoko maji yakijaa, na yakipwa mashua inakaa topeni na mzigo wake hadi maji yajae tena. Kilo moja ya unga iliyofika Ibo imegharimu lori, wapagazi, nahodha na saa za kungoja maji. Kwa hiyo kikundi kilichotuma pesa Beira mwezi wa pili baada ya kimbunga kilifanya jambo la busara, na kikundi kilichotuma pesa Ibo wiki ya kwanza kilikuwa kinatuma tarakimu kwenye simu zisizo na chaji.

Mtanzania asidhani hili ni la majirani tu. Unguja ilipigwa mwaka 1872, Lindi Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika maeneo ya Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu, ila mvua zake zilitosha kukata barabara ya kusini huko Somanga, Kilwa. Lori lililojaa unga upande wa pili wa daraja lililosombwa halimsaidii mtu.

Pesa, vocha au vitu

Pesa ndizo bora pale zinapofanya kazi. Aliyepoteza sufuria ananunua sufuria, aliyepoteza jembe ananunua jembe, na mwenye duka la mtaani naye anafufuka. Mzigo wa bure ukimwagwa mbele ya duka lake, yeye anakuwa mwathirika mara ya pili. Lakini kabla ya kuchagua pesa, mtu aliye pale pale ajibu mambo matatu kwa kwenda sokoni kwa miguu. Je, wapo wafanyabiashara angalau watatu wenye unga, mafuta, sabuni na misumari? Je, mzigo wao ukiisha wanaleta mwingine ndani ya wiki? Je, bei imepanda kiasi gani kuliko kabla ya kimbunga? Bei ikiwa imepita mara moja na nusu ya ile ya zamani na bidhaa bado ni haba, pesa mpya zinaipandisha zaidi. Hapo peleka vitu, au ngoja.

Pesa za simu zina mitego yake. Mnara ukisimama bila umeme, wakala naye anasimama. Mnara ukirudi, wakala ana floti ya watu kumi na foleni ya watu mia. Watu wamepoteza laini, na kurudisha laini kunataka kitambulisho ambacho nacho kilikwenda na maji. Msumbiji wana M-Pesa, e-Mola na mKesh. Kabla ya kutuma, uliza ni upi kati ya hiyo una wakala anayefungua katika kata hiyo, usiende na ule unaoujua wewe. Gawa kaya katika makundi na utume kwa siku tofauti, waarifu mawakala siku mbili kabla ili watafute fedha taslimu, na ongeza ada ya kutolea juu ya kiasi, la sivyo kila kaya inapata pungufu ya ulichoahidi na lawama zinaanza. Anza na awamu ndogo ya majaribio kwa kaya tano. Majina yaliyoandikwa vibaya hugundulika hapo.

Vocha ya karatasi inafaa katikati: soko lina bidhaa lakini bei zinaruka. Kikundi kinaelewana na maduka bei ya wiki mbili, kaya inapewa karatasi yenye namba na muhuri, mwenye duka anakusanya karatasi na kulipwa. Ubaya wake unajulikana: ukichagua duka moja, mwenye duka anakuwa mfalme, unga unachanganywa na wa zamani na mizani inaanza kuyumba. Maduka yasipungue matatu, na mtu wa kikundi apime kilo moja kwa mshtukizo kila siku ya kugawa.

Vitu vyenyewe vibaki kwa yale ambayo duka la kijijini halina hata siku za kawaida, au halina kwa ubora unaotakiwa: turubai za kiwango, vidonge vya maji, vyandarua vyenye dawa (kimoja kwa watu wawili, kwa sababu malaria hupanda wiki chache baada ya mafuriko), na zana za ujenzi pamoja na misumari. Usipeleke nguo za mitumba. Zinashika nafasi kwenye mashua, zinataka watu wa kuzichambua, na huishia kuloa chini ya mti. Usipeleke maziwa ya unga ya watoto wachanga: yakichanganywa na maji ya kisima kilichofurika ni sumu, na mama aliyekuwa ananyonyesha anaacha. Maji ya chupa ni anasa ya kusikitisha. Mtu anahitaji kama lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi, yaani lita 75 kwa kaya ya watu watano, yaani tani saba na nusu kwa siku kwa kaya zetu 100. Hakuna kikundi kinachoweza kuendelea hivyo hadi Jumapili.

Lolote utakalochagua litaharibikia kwenye orodha ya majina kuliko barabarani. Baada ya Idai, mnamo Aprili 2019, shirika la haki za binadamu Human Rights Watch lilitoa taarifa kwamba wanawake katika maeneo yaliyoathirika, ikiwemo Nhamatanda, walitakiwa na viongozi wa mitaa kutoa fedha au miili yao ndipo waandikwe kupata chakula. Mwaka huo huo ikafunguliwa laini ya simu ya bure ya malalamiko, Linha Verde 1458. Kikundi kidogo hakiwezi kufungua laini, lakini kinaweza kuiga wazo: mwandishi wa orodha asiwe ndiye mgawaji, orodha isomwe kwa sauti mkutanoni, ibandikwe mtini kwa siku mbili, na iwepo namba ya mtu wa nje ya mtaa, ikiwezekana mwanamke, ya kupokea malalamiko. Wajane, wazee wanaoishi peke yao na watu waliopokelewa kwa ndugu ndio huachwa. Waliopokelewa kwa ndugu hasa hawaonekani, kwa kuwa hawako kwenye hema la mtu yeyote.

Maji: kuchemsha, vidonge, unga wa kugandisha tope, jua au lori

Tarehe 27 Machi 2019, siku 12 baada ya Idai, kipindupindu kilitangazwa Beira. Chanjo ya kunywa ilianza tarehe 3 Aprili kwa dozi karibu 900,000. Wagonjwa walipita 6,000 lakini waliokufa walikuwa wachache mno kwa mlipuko wa ukubwa huo, kwa sababu chanjo, vituo vya kutibia na dawa ya maji vilifika pamoja. Kwa kikundi cha watu wa kawaida, dawa ya maji ndiyo sehemu yao ya kazi hiyo.

| Njia | Kwa lita 20 | Muda | Kinachoharibu |
|---|---|---|---|
| Kuchemsha | Kuni kama kilo 20 | Yatokote kwa nguvu dakika 1 (juu milimani dakika 3) | Kuni zimeloa. Maji hayabaki na kinga, mkono mchafu unayachafua tena |
| Kidonge cha klorini cha miligramu 67 | Kimoja kwa maji meupe, viwili kwa yenye ukungu | Dakika 30 | Maji ya tope. Kipimo cha kubahatisha |
| Unga wa kugandisha na kuua vijidudu, pakiti ya gramu 4 | Pakiti 2 | Koroga dakika 5, acha dakika 5, chuja kwa kitambaa, ngoja dakika 20 | Unataka ndoo mbili, kitambaa na mtu wa kuonyesha |
| Jua | Chupa angavu 10 za lita 2 | Saa 6. Siku 2 kukiwa na mawingu | Baada ya kimbunga mawingu hayaishi. Chupa zilizochubuka |
| Lori la maji | Lita 10,000 hutosha watu 650 hivi kwa siku | Kila siku | Mafuta, barabara, tangi chafu |

Ukilazimika kuchagua moja, chagua vidonge. Kaya inayotumia dumu moja la lita 20 kwa kunywa na kupikia inahitaji vidonge 30 kwa mwezi. Kaya 100 ni vidonge 3,000. Hakuna kingine chenye uzito mdogo hivyo kinachookoa maisha mengi hivyo. Lakini kidonge hakifanyi kazi kwenye maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa: klorini inaliwa na tope kabla ya kufika kwa kijidudu. Pale ambapo chanzo pekee ni mto uliofurika, unga wa kugandisha tope unastahili gharama na usumbufu wake. Mahali pengine ni kupoteza fedha.

Kosa linalorudiwa ni kugawa vidonge bila maonyesho. Vinafanana na dawa ya kichwa, na wapo wanaovimeza. Karatasi ya maelezo ya Kireno haisaidii kwa Wasena, Wandau au Wamakua wasioisoma. Njia ya uhakika ni mwanamke wa mtaa huo huo kusimama na dumu mbele ya wenzake, kutia kidonge, kufunga, kutikisa, kupiga soga kwa nusu saa, kisha kunywa yeye kwanza. Awaambie pia kwamba harufu kidogo ya klorini ndiyo dalili kuwa maji ni salama. Wengi humwaga maji kwa sababu ya harufu hiyo. Kipimo kinachotafutwa baada ya dakika 30 ni miligramu 0.5 za klorini kwa lita, na vijiti vya kupimia ni bei nafuu kuliko mgonjwa mmoja. Kidonge bila dumu lenye mfuniko ni nusu ya msaada: peleka madumu mawili kwa kila kaya, moja la kuteka na moja la kuhifadhi.

Visima navyo visisubiri. Kisima kilichofunikwa na mafuriko hutolewa maji na tope, ukuta husuguliwa, kikaachwa kijae, kisha hutiwa dawa: changanya gramu 30 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 70 katika lita 10 za maji, na mmumunyo huo ndio kipimo cha kila mita moja ya ujazo ya maji ya kisimani. Acha angalau nusu saa, na usiku kucha ni bora zaidi. Kisha teka na kumwaga mbali mpaka harufu kali ipotee. Visima vya pwani vina hatari yake: ukivuta maji kwa pampu kubwa haraka mno, chumvi inapanda kutoka chini na kisima kinakufa kwa miezi. Vuta polepole, onja kila mara, ukihisi chumvi acha.

Mgonjwa wa kuhara asisubiri gari. Pakiti ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini huingia kwenye lita moja ya maji safi. Isipokuwepo, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwenye lita moja hiyo hiyo.

Turubai au bati

Hapa ndipo vikundi hugombana zaidi, kwa kuwa bati linaonekana ni msaada wa kweli na turubai linaonekana ni plastiki. Lakini tazama tarehe kabla ya kutazama bei. Msimu wa vimbunga katika Msumbiji ni Novemba hadi Aprili. Idai na Kenneth vilikuja mwishoni: turubai ilitakiwa kuvuka wiki chache za mvua, kisha kiangazi kikatoa nafasi ya kujenga taratibu. Kimbunga Chido kilitua Mecúfi, kusini mwa mji wa Pemba (Pemba ya Msumbiji, si ile ya karafuu), tarehe 15 Desemba 2024, msimu ukiwa ndio unaanza. Turubai moja ya sokoni haiwezi kuvuka miezi minne ya mvua na upepo. Huko ama unapeleka mbili nzuri pamoja na miti na misumari, ama unaingia moja kwa moja kwenye paa.

Turubai inayoaminika ni ya mita 4 kwa 6, yenye nyuzi zilizofumwa ndani na plastiki juu yake pande zote mbili, uzito wake kilo 4 hadi 5. Ya buluu ya dukani yenye uzito wa nusu ya huo huliwa na jua na kuanza kupukutika nyuzi mapema. Pima kwa mkono: ikunje pembe, choma kwa msumari, vuta. Ikichanika kwa mstari mrefu, iache dukani. Mbili kwa kaya ni kipimo kizuri. Moja ya paa, nyingine ya ukuta au sakafu. Eneo lenye kivuli lisipungue mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, na turubai moja ya mita 24 za mraba ikishainamishwa inatosha watu watano kwa kubanana.

Turubai nyingi hazichakai, huuawa na anayezifunga. Msumari uliopigwa moja kwa moja kwenye plastiki hugeuka kisu: upepo unatikisa, tundu linapanuka, asubuhi turubai iko kwa jirani. Viringisha ukingo wake kwenye ufito mara mbili au tatu, kisha pigilia ufito huo, au weka kipande cha mbao juu ya ukingo na misumari ipite kwenye mbao. Kukosekana tundu la kamba si tatizo. Weka kokoto upande wa ndani, zungushia plastiki, funga kamba shingoni mwa kokoto. Inamisha paa vya kutosha maji yakimbie, la sivyo yanatuama, yanatengeneza tumbo, na uzito wake unavunja miti. Ivutwe ikaze kama ngoma. Inayopigapiga usiku kucha inajichana yenyewe. Na asipike mtu chini yake.

Paa la bati kwa nyumba ya mita 4 kwa 6 linataka mabati 20 hadi 22 ya mita 3, kofia za juu, mbao za kenchi (fremu za paa) na papi (mbao zinazobeba bati), na kama kilo 3 za misumari ya bati. Mabati peke yake ni kilo 150 hivi. Kwa uzito huo kaya 16 zingepata turubai mbili mbili. Ndiyo maana wiki mbili za kwanza bati halina nafasi, hasa visiwani. Mwezi wa tatu baada ya kimbunga turubai haina nafasi.

Ukinunua bati, kumbuka geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linapungua unene. Geji 32 ni jembamba la kukunjika mkononi, upepo unalirarua pale pale penye msumari na kulifanya wembe unaoruka. Geji 28 ni bora na ghali. Geji 30 ni maafikiano ya watu wenye fedha kidogo. Bora mabati ya geji 28 kwa kaya 70 kuliko geji 32 kwa kaya 100? Ndiyo, kama fundi ni mzuri. Kama fundi ni mbovu, tofauti haionekani, kwa sababu mara nyingi kinachoshindwa ni kiungo, bati likiwa bado zima.

Upepo haulisukumi paa chini, unalivuta juu. Unaanza kwenye ukingo na pembeni, unang'oa misumari ya bati la mwisho, unaingia chini, unachukua papi, kisha kenchi, na ukuta usio na paa unaanguka wenyewe. Kwa hiyo fedha ziende kwenye mnyororo huo wote. Misumari iwe ya kofia pana yenye shina la kusokotwa, ipigwe kwenye mgongo wa bati na si kwenye bonde lake. Kwenye kingo, chini na juu karibu na kofia ya paa, piga kila mgongo. Katikati unaweza kuruka mmoja. Papi ifungwe kwenye kenchi, na kenchi kwenye boriti ya ukutani, kwa mkanda wa chuma au waya mnene uliozungushwa mara mbili na kukazwa kwa koleo. Msumari mmoja uliopigwa kwa mshazari hautoshi. Nguzo zishuke ardhini sentimita 60 au zaidi, na kila ukuta uwe na mti wa mshazari kutoka pembe ya chini hadi ya juu. Paa la miteremko minne linastahimili kuliko la miteremko miwili, mwinamo uwe kati ya nyuzi 30 na 45, na ukingo usizidi sentimita 45 nje ya ukuta. Baraza liezekwe peke yake, lisiunganishwe na paa kubwa: upepo ukilichukua baraza, uliache paa.

Makuti yasidharauliwe. Huruka yote, lakini hayamkati mtu shingo, na minazi iliyoanguka hutoa makuti ya bure siku hiyo hiyo. Magogo ya minazi hiyo ni mbao nzuri kwenye sehemu ngumu ya nje ya shina. Moyo wake laini ni kuni tu, na likichimbiwa ardhini bila dawa huoza upesi. Lipasuliwe mapema kabla wadudu hawajaingia. Mikoko, ambayo pwani yote tumezoea kuifanya boriti, iachwe isimame, maana ndiyo inayovunja mawimbi ya kimbunga kijacho.

Kati ya turubai na bati kuna chaguo la tatu ambalo halipendwi na wapiga picha: seti ya zana. Msumeno, nyundo ya kung'olea misumari, panga, jembe, sepetu, koleo, mkasi wa bati, kamba, waya na misumari. Baada ya upepo mabati mengi hayapotei, yamekunjwa na kutawanyika. Watu wakiwa na nyundo huyanyoosha na kuyarudisha juu ndani ya siku chache. Seti moja kwa kaya tano zinazopokezana inatosha, ikiwa mtunzaji wake amekubaliwa na kaya zote tano. Mtaa ambao mabati yake bado yako chini unataka zana kabla ya kitu kingine chochote.

Chakula au mbegu

Idai kilikuja mavuno yakiwa mlangoni, na zaidi ya hekta 700,000 za mazao ziliharibika. Chakula cha msaada kilihitajika kweli. Lakini katika mabonde, maji yakishuka huacha udongo wenye unyevu unaoweza kupandwa tena Aprili na Mei, na dirisha hilo likifungwa familia inangoja msimu mwingine mzima. Mahindi ya kukomaa siku 90, kunde na mboga ndiyo ya kupeleka. Nusu hekta inataka mbegu za mahindi kilo 10 hadi 12. Usipeleke mbegu bila chakula, zitaliwa, na mbegu zenye rangi nyekundu zimepakwa dawa ambayo ni sumu hata zikioshwa. Waambie hivyo kwa lugha yao siku ya kugawa. Vikishindana kwenye bajeti, mbegu zikifika baada ya dirisha la kupanda hazina thamani, hivyo tarehe ya kupanda ndiyo iamue.

Kurudi au kuhamia mahali pa juu

Serikali ya Msumbiji iliwahamishia watu wa mabonde kwenye maeneo mapya, kama Guara-Guara wilayani Buzi na Mutua wilayani Dondo. Mahali pa juu mtu analala bila kuogopa mto, lakini shamba limebaki chini. Mwanamume anarudi bondeni kulima na kulala kibandani, watoto wanabaki juu na mama. Kikundi cha nje kisiamue hili. Kinachoweza kufanya ni kuuliza umbali wa shamba, kisima na shule kabla ya kupeleka bati: bati lililofungwa kwenye kiwanja kisicho na maji hung'olewa na mwenyewe na kufuatana naye bondeni, na hapo amefanya hesabu yake sawasawa.

Wajitoleaji wa kutoka mbali au mafundi wa pale

Nauli ya watu sita kutoka mji mwingine, chakula chao na pa kulala, hulipa mafundi wa mtaa kwa wiki kadhaa. Mafundi hao nao wamepoteza nyumba na wanahitaji ujira. Peleka fundi mmoja mwenye ujuzi wa kufunga kenchi, akae siku nne, ajenge paa moja la mfano kwenye nyumba ya mjane au kwenye darasa, mafundi kumi wakitazama na kushika nyundo. Kisha lipa kwa paa lililokaguliwa, usilipe kwa siku. Ukaguzi ni wa dakika tano: panda ngazi, tikisa papi ya mwisho kwa mikono miwili, hesabu misumari ya bati la pembeni, pitisha kidole chini ya mkanda wa chuma. Kidole kikipita, fundi arudi juu.